Ile kasula nyekundu, njo miye niliishona

Bwana Muhariri,

Jambo kwako na kwa bote benye banatumika na wewe. Niko mama wa Katuba, hapa Lubumbashi, nimefikisha miaka 57, na kazi yangu ni kushona nguo za kanisa: alba, stola, kasula (ile nguo kubwa ya juu yenye padri anavaa mu misa), bitambaa bya altare, kanzu za batumishi, na nguo za bamama wakatolika sikukuu ikikaribia. Mashini yangu ni ile ya kukanyaga na miguu, mama yangu aliniachia, moto wa umeme ukikatika mu kartie miye naendelea paka kushona. Ninawaandikia juu ya ile picha mulitia ku ukurasa wa kwanza, ya yule kijana mwanamuziki mwenye alipanda ku jukwaa na nguo ya padri. Gazeti liliandika "nguo ya padri", batu ku telefone bakaandika "nguo ya shetani", lakini sikuona hata mutu moja mwenye aliuliza nani aliishona. Njo miye.

Alikuya siku ya kazi tatu, wiki chache mbele ya Pentekoste. Kijana wa adabu, alitosha kofia, akanisalimia na mikono mbili. Akasema, mama, nataka kasula nyekundu, na musalaba mukubwa ku mugongo, nyuzi ya rangi ya dhahabu. Nikamuuliza, ni ya Pentekoste? Akajibu, ndiyo mama. Sikuuliza tena, nilifikiri ni familia fulani inataka kumupa padri zawadi, ao parokia ya mbali yenye haina fundi. Kitambaa nilikitafuta mu soko ya Kenya, hapa hapa Lubumbashi, nyuzi ilitoka Zambia, mama moja ananiletea kila mara akipita mupaka wa Kasumbalesa. Mama yangu alinifundisha kama mbele ya kukata nguo ya altare unanawa mikono na unasali Salamu Maria moja, na ile nguo hauikalii, hauitii chini, hata ukiwa umechoka namna gani. Nilifanya vile. Kazi yote ilinichukua siku 9, na musalaba peke yake siku 4, juu ile nyuzi inakatika ovyo ukiivuta na haraka, inaomba mukono wa pole. Na nyekundu siyo rangi ya kupendeza macho tu, ni damu ya bamartiri, ni moto wa Roho Mutakatifu, padri anaivaa pia Ijumaa Kuu. Alilipa dola 60 bila kubishana. Njo pale ningepaswa kushituka, juu padri yeyote mwenye najua anabishana.

Kiisha wiki kazaa, siku ya Mungu, tumetoka misa, binti yangu akanionesha video mu telefone. Nilitambua nguo mbele ya kumutambua mutu. Ule mukunjo ku bega ya kushoto, hakuna fundi mwingine anaukunja vile. Kijana alikuwa na kalisi, kikombe cha misa, ya plastiki yenye kupakwa dhahabu, ndani mulikuwa dola za bandia, na mabinti bamepiga magoti musitari moja, banafungua midomo sawa vile sisi tunafungua wakati wa komunyo, na yeye anapita anawawekea dola ku ulimi. Moshi, mwangaza, vijana banapiga kelele. Na wimbo wenyewe ni wa mwanamuke mwenye alimuacha juu hana feza, na sasa feza zimekuya basi anataka kurudia. Bwana Muhariri, nililia. Siku 9 za mukono yangu, na Salamu Maria yangu, zilikuwa pale ku mugongo wa mutu mwenye anagawa dola za uongo mu midomo ya batoto ba watu.

Kwa hiyo musinielewe vibaya. Bale benye baliumia, niko moja wao, na nilikuwa na sababu kuliko bengi.

Lakini kilichofuata, hapana. Mu magrupe ya WhatsApp bakasema ni framaso, mutu wa kikundi cha siri, amesaini na shetani, atakufa mbele ya siku 40, bengine bakatuma sauti za mapasta banahesabu siku zake. Bakatafuta mahali anakaa. Mama yake, mujane, anauzisha unga na samaki ya kukauka ku meza ndogo, bakapindua meza yake mara mbili, unga ukamwangika mu matope, na hakuna hata jirani mwenye aliinama kumusaidia kuzoa. Ule mama hata konseri hajawahi kwenda. Tunasali naye parokia moja. Sasa musikie jambo lenye liliniletea kuandika: siku ya Mungu yenye kufuata, padri akasema tupeane amani, yule mama akageuka kwa bamama ba benchi yake, akatoa mukono, na balirudisha mikono yabo. Nilikuwa benchi mbili nyuma, niliona na macho yangu. Alibaki na mukono mu hewa, kiisha akaushusha pole pole, akajifanya anatengeneza kitenge. Na miye, mwenye nilishona ile nguo, mwenye hakuna mutu alijua, sikuondoka nafasi yangu kwenda kumushika. Niliogopa bataniuliza.

Tulikuwa tunatetea musalaba, na saa ile ile, ndani ya misa, tukamunyima mukristu amani. Ni kosa lipi kubwa kati ya ile ya jukwaa na ile ya benchi? Miye nilipiga hesabu usiku kucha na sikupata jibu lenye kutusifu.

Bengine balinijibu, mama, unajisumbua bure, ni kitambaa tu. Hapana. Mu inchi hii yetu mutu alikufa juu ya kitambaa. Isidore Bakanja, kijana wa jimbo ya Equateur, msaidizi wa bafundi ba kujenga, alibatizwa mwaka 1906, alikuwa anavaa skapulari ya Bikira Maria wa Karmeli ku shingo, bitambaa bibili bidogo na kamba, kama sisi tunayo. Muzungu mukubwa wa shamba ya Ikili akamwambia aitoshe. Akakataa. Wakamupiga na fimbo ya ngozi ya tembo yenye misumari, mugongo ukachanika mpaka mifupa, vidonda vikaoza, miezi karibu 6 anateseka, akafa tarehe 15 ya mwezi wa 8, 1909. Papa Yohane Paulo wa Pili alimutangaza mwenye heri mwaka 1994. Kwa hiyo mutu asiniambie kitambaa ni kitambaa. Lakini tena ni yule yule Bakanja, mugongo wazi, mwenye alisema akifika mbinguni atamuombea ule muzungu. Sehemu ya kwanza ya hadisi yake tunaipenda, ile ya pili tunaipita mbio.

Sasa nilituma mutu amuite kijana. Alikuya usiku, amefunika kichwa, anaogopa barabara. Nilimupa kiti na chai. Nikamwambia, mwanangu, ulinidanganya. Akainamisha macho. Kiisha akaanza kujitetea sawa vile vijana banajitetea, kama Madonna alifanya, Lady Gaga alifanya, kama Lil Nas X alifanya, bote banamuziki ba Marekani, kama Ulaya na Marekani hakuna mutu analalamika, ni sisi tu Bakongomani tuko nyuma. Miye nilijua Madonna jina tu. Nikamuomba binti yangu, yeye alisoma kule UNILU, chuo kikuu ya Lubumbashi, anisomee yote, tukakaa siku mbili na telefone, na niliona kama kijana hajui hata bale benye anataja.

Kwanza siyo kweli kama kule hawalalamiki. Mwaka 1989 Madonna alitosha video yenye misalaba inawaka moto, Vatikano ikalaani, Pepsi bakaondoa tangazo lao lenye balikuwa bamemulipa dola milioni 5. Mwaka 1966 John Lennon alisema kikundi chake cha muziki, Beatles, banajulikana kuliko Yesu, na kusini ya Marekani batu bakachoma sahani zao za muziki. Mwaka 2012 Lady Gaga alikuwa aimbe Jakarta, bakristu hapana, ni Baislamu balikataa pale, konseri ikafutwa. Hata majirani: mu mwaka 2022 serikali ya Tanzania ilikataza video ya Diamond na Zuchu juu ilionesha mwanakwaya anaacha ibada kanisani anakimbilia mupenzi. Na 2024, kufungua Olimpiki kule Paris, ile meza yenye batu bengi baliona ni Karamu ya Mwisho, maaskofu ba Ufaransa balisikitika wazi wazi, na dada mwenye alikuwa katikati ya meza akapokea vitisho bya kuuawa mpaka akaenda ku polisi. Kwa hiyo batu ni batu, hapa na kule, ukigusa altare yao banaumia, na mu kuumia bengine banapoteza akili.

Lakini jambo lenye lilinishika ni lingine. Mwaka 2006 Madonna alijitundika ku musalaba mukubwa wa bioo, na taji ya miiba ku kichwa, na tarehe 6 ya mwezi wa 8 akaifanya Roma kwenyewe, pale Stadio Olimpico, karibu na Vatikano. Bakardinali bakakasirika, televizyo ya Marekani ikakata ile sehemu. Miye pia sikuipenda, nasema kweli, ule musalaba wa bioo ulinichoma macho. Nikamwambia binti yangu, zima. Akaniambia, mama, ngoja, soma kule juu. Juu ya kichwa chake mulikuwa hesabu inapanda, inapanda, mpaka milioni 12. Ni batoto ba Afrika benye bazazi babo balikufa na sida, ile bengine banaita UKIMWI.

Bwana Muhariri, dada yangu alikufa na ile ugonjwa mwaka 2001, dawa zilikuwa hazijafika kwetu, na kama zilikuwa, zilikuwa za benye feza. Aliniachia batoto babili. Binti mwenye alikuwa ameshika ile telefone ni moja wao. Tulinyamaza sisi bote wawili. Mu ile milioni 12, babili balikulia mu nyumba yangu, balilala chini ya meza yenye nakatia kasula. Sijui kama ni haki kupanda ku musalaba juu ya kusema ile, ningekuwa mimi ningetafuta njia ingine, lakini siwezi kusema alikuwa hana kitu cha kusema. Tena mu 2006 ile ile, mu kanisa zetu, ni mara ngapi neno sida lilitajwa ku mimbari isipokuwa kwa kuhukumu?

Na ule mwanamuke mwimbaji wa Irlandi, Sinéad O'Connor. Tarehe 3 ya mwezi wa 10, 1992 alipasua picha ya Papa Yohane Paulo wa Pili mu televizyo. Ule Papa alikuya hapa Lubumbashi mwaka 1985, nilikuwa musichana, nilimuona kwa mbali kadogo namna hii, mweupe, na mpaka leo nikifunga macho namuona. Kwa hiyo kupasua picha yake kulinichoma hata leo, miaka yote hii kiisha. Lakini alikuwa anasema batoto banaharibiwa na bapadri na viongozi banaficha. Wiki mbili nyuma yake, New York, batu bengi mu uwanja bakamuzomea. Mwaka 2010 Papa Benedikto mwenyewe akaandikia bakatolika ba Irlandi barua, akakubali aibu, akaomba musamaha. Sinéad alikufa 2023. Bale baliomuzomea sijui kama balimuandikia kitu.

Nikarudia kwa kijana. Sikumuuliza juu ya Madonna tena. Nilimuuliza swali moja: ulipovaa ile nguo yangu, ulitaka kusema nini? Akanyamaza muda murefu. Nikafikiri labda atasema juu ya mapasta benye banauza mafuta na maji ya baraka, juu ile hasira hata miye niko nayo, kuna kanisa ya hapa karibu mwenye kutoa dola 100 anakaa mbele na mwenye kutoa franka anasimama ku mulango. Kama angesema ile, ningemwambia wimbo wako haukuisema, lakini ningemuelewa. Akasema, mama, nilitaka batu banione.

Ni pale tu. Ile njo inaniuma mpaka leo, kuliko moshi, kuliko zile dola. Alichukua kitu chenye uzito kuliko bintu byote byenye tuko nabyo, damu ya Bwana na komunyo, na hakuwa na mzigo wowote wa kutia mule ndani. Sawa mutu mwenye anaazima jeneza juu tu batu bamupishe ku barabara. Na ule Lil Nas X wake, mwaka 2021 aliuzisha viatu jozi 666 na tone la damu ya mutu ndani ya soli, dola 1018 kila jozi, bikaisha haraka haraka, mimi nauliza kitu gani kilisemwa pale isipokuwa bei.

Sasa kuna bakubwa mu kartie banataka serikali ikataze, bameanza kukusanya sinyature. Sitatia yangu. Kinshasa kuna Komisio ya sansure, mwezi wa 11, 2021 ilikataza wimbo wa vijana ba kikundi cha muziki MPR, siku chache tu ruhusa ikarudi, na mu zile siku wimbo uliingia mu telefone hata ya bale hawakuwa banaujua. Tena nikumbushe kitu. Baba yangu alikulia Kamina. Alikuwa mutoto mwaka 1958 wakati padri Guido Haazen, Mufransisko, na kwaya yake ya batoto na balimu baliimba Missa Luba, misa kwa kilatini lakini na ngoma zetu na sauti ya Kiluba. Alisema alisimama inje ya dirisha. Na bakristu bengi ba zamani balishtuka, juu bamisionere ndio balikuwa bamebafundisha kama ngoma ni ya pombe, ya matanga, ya mizimu, ukibatizwa unaiacha inje. Ngoma mbele ya altare! Leo bapadri banacheza kuzunguka altare mu misa ya kwetu, Roma ilikubali ile liturujia mwaka 1988, na mutu akitosha ngoma mu kanisa yetu bamama batamufukuza. Kama kungekuwa komisio ya kukataza mu 1958, na bakubwa ba Kamina njo banashika kalamu, tungekuwa tunaimba paka na armonyumu.

Kwa hiyo ninaomba nini? Kwa banamuziki, musikuye kwangu na uongo. Kuya useme, mama, nataka kupanda ku jukwaa na kasula, na nitasema jambo hili na hili. Pengine nitakataa, karibu hakika nitakataa, lakini tutakuwa tumezungumuza, na pengine utatoka pale na wimbo wa nguvu zaidi kuliko ule wa moshi. Kwa bakristu, ule mama hajui kitu. Mwana ni mutu muzima wa miaka 24, mama hakushona, hakulipa, hakuimba. Meza yake ilivunjika muguu, niliipeleka kwa seremala, unga bado haujarudi. Na kwako, Bwana Muhariri, ninaomba mutie ile neno ku ukurasa wa kwanza pia, pale pale mulitia picha: mama hakujua. Musitaje jina yake, bote banamujua tayari.

Miye siku ya Mungu yenye imepita nilihama benchi. Nilikaa karibu naye, upande wa sanamu ya Bikira. Nilimwambia mbele ya misa kuanza kama njo miye nilishona. Aliniangalia, akaniambia, ilikuwa nguo ya muzuri.

Kasula kijana aliirudisha, iko na doa ya jasho na kitu sawa mafuta ya nywele. Padri alisema haikubarikiwa bado kwa hiyo hakuna sherehe ya kufanya, fundi ataangalia mwenyewe. Kitambaa kiko bado na nguvu, kinaweza kutoa kola za batumishi 10 ama 12. Lakini musalaba siwezi kuukata na makasi. Nilimwambia kijana akuye aufumue yeye, na sindano, nyuzi moja moja, bila kuchana kitambaa, nitamuonesha ginsi. Anakuya kila siku ya posho, anakaa ku kiti kidogo karibu na mashini, haongei mingi. Mpaka leo ameishafumua paka mukono moja.

Mama fundi wa nguo za kanisa,
Katuba, Lubumbashi